Honi Moja, Chai Moja

Faki, ukitoka uwanjani Bausher usifuate umati.
Umati una njaa kama wewe, na mji haujui.
Migahawa ya ufukweni imepandisha bei ya samaki,
samaki yuleyule wa juzi,
kachomekwa bendera ya karatasi mgongoni,
na meza zimeandikwa majina ya watu
ambao hata ndegeni hawajashuka.

Wapite.
Kata kulia penye kituo cha mafuta,
zunguka nyuma ya fundi wa kanzu,
utaona kibao kimeungua herufi mbili.
Hapo.

Usishuke garini. Hapa hatushuki.
Piga honi mara moja: chai ya maziwa,
hiliki, sukari bila kuulizwa.
Mara mbili: chai na chapati ya yai,
jibini ndani, chipsi za pakiti zimepondwa juu yake.
Honi ya tatu maana yake una haraka,
na mwenye haraka Shamir humsubirisha.

Shamir ni mtu wa Kalikuti.
Mwaka wa kumi na tisa anatoka mlango ule ule.
Magari anayajua kwa taa zake.
Anajua nani ana kisukari na anadanganya,
nani alikuwa akiagiza viwili
na sasa anaagiza kimoja, hasemi kwa nini.
Mpira haujui. Yeye na kriketi.

Sasa sikia ya Jumatano, nusu fainali.
Barabara nzima magari yamepanga, redio wazi,
dakika ya themanini na nane,
mtangazaji anavuta pumzi, haimaliziki,
halafu goli.
Honi! Za Landikruza, za teksi, za lori la maji,
honi za watu waliokwisha kunywa na kulipa.
Shamir akasimama mlangoni na kalamu sikioni,
midomo inahesabu.
Akarudi ndani.

Tulikuwa bado tunapiga kelele alipotoka
na sinia la vikombe, sijui hamsini, sijui sitini,
nyuma yake mpishi na sinia la pili,
nyuma ya mpishi kijana wa mwenye duka,
chapati zimempanda mpaka kidevuni.
Hakuna aliyeagiza.
Hakuna aliyekataa.

Gari moja tu halikupiga honi.
Namba za Kuwait, vioo juu,
mzee na wanawe watatu wanaangalia dashibodi.
Shamir akaliendea hilo, akagonga kioo kwa kucha:
Nyinyi mbona hamjaagiza?
Mzee akamtazama kitambo.
Akaonyesha vidole vinne.

Mimi leo sitakuwepo, Faki. Niko zamu,
naendesha gari la wagonjwa, na king'ora changu hakiagizi chai.
Mara moja kiliagiza:
Shamir alinikimbilia na kikombe mpaka kwenye taa nyekundu,
na mgonjwa, bega limetoka mahali pake,
akasema kutoka nyuma, lete huku.

Ukiwa bado na nafasi tumboni, nenda Mabela,
kwa shangazi Thuwaiba, geti la kijani.
Huko usipige honi kabisa.
Atakwambia alikuwa amelala.
Utamkuta na unga wa urojo viganjani,
bajia zimefunikwa kawa,
na matokeo anayajua kuliko wewe uliyekuwa uwanjani.
Kula. Usitaje Wete mpaka akutajie mwenyewe.
Akianza, weka kijiko chini.

Chukua baisa za chenji, noti ya riali hamsini utamtesa mtu.
Chukua shuka, kiyoyozi cha gari yangu kimekwama kwenye baridi.

Tukishinda leo hutahitaji maelezo yangu,
chai itakufuata yenyewe.
Lakini tukifungwa,
magari yakipanga kimya pale nyuma ya fundi,
kila mtu kashika usukani kama kashika msiba,
wewe mgeni, piga honi.
Moja tu.
Shamir asije akadhani
mji mzima umeshiba.